Nilivyowapatanisha samaki wa Ziwa Tanganyika katika tangi moja la sebuleni

Nimezaliwa Kigoma, na kwa muda mrefu samaki wa ukoo wa sikilidi kwangu alikuwa kuhe wa kukaanga. Kuhe ni ndugu wa perege, sato na furu, na katika ukoo huo wote ni miongoni mwa wakubwa kabisa. Kwamba ndugu zake wadogo wa rangirangi, tuliokuwa tukiwaona kwenye mawe wakati wa kuoga ziwani, hufugwa katika matangi ya kioo na watu wa Ujerumani na Marekani, nilikuja kulijua nikiwa tayari nimehamia Dar es Salaam, na ndipo nami nikaamua kuwafuga.

Fundi wa vioo alinitengenezea tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 50, ambalo likijaa hadi ukingoni huchukua lita 240. Maji hayo peke yake ni kilo 240, bado mawe, kwa hiyo meza niliichomelesha ya chuma. Maji ya Tanganyika ni ya alkali, pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, ikikaribia 9, ilhali yangu ya bombani yalikuwa 7.5. Ili kuipandisha nilileta mawe ya chokaa kutoka machimbo ya Kunduchi, nikawa nadondoshea kila jiwe siki: lililotoa povu, ishara ya chokaa, niliingiza, lililonyamaza niliacha. Baada ya muda pH ilisimama kwenye 8.2, na samaki hawakulalamika. Kisha nilisubiri wiki kadhaa ili bakteria wanaovunja amonia waote kwenye chujio, kwa sababu amonia inayotokana na kinyesi cha samaki huwa sumu kali zaidi katika maji ya alkali kuliko katika maji ya kawaida. Hadi hapo nilikuwa makini. Makosa yalianza siku ya kununua samaki.

Muuzaji aliniambia, "Kaka, hawa wote ni wa maziwa yetu, watapatana." Nikaondoka na Labidochromis wa njano na Melanochromis auratus, ambao asili yao ni Ziwa Nyasa, pamoja na Tropheus duboisi sita na jozi ya Neolamprologus brichardi wa Tanganyika. Duboisi wachanga ni weusi wenye madoa meupe kama kanga, na kwa kweli ndio walioniteka.

Hao ndio waliotangulia kufa. Tropheus huishi kwa kukwangua mwani juu ya mawe na utumbo wake ni mrefu sana, wa mla majani, nami nilikuwa nikiwapa wote unga wa dagaa asubuhi na jioni. Baada ya wiki mbili waliacha kula, matumbo yakavimba, na kinyesi kikawa kirefu na cheupe kama uzi wa kushonea. Wanne walikufa ndani ya siku tisa. Wawili waliobaki niliwapa mchicha uliochemshwa kidogo hadi wakapata nguvu, kisha nikampelekea rafiki mwenye kundi kubwa la Tropheus, maana wakiwa wachache huumizana wenyewe kwa wenyewe.

Kisha ikaja zamu ya auratus. Dume lake huanza na rangi ya njano na mistari myeusi, na likikomaa hugeuka karibu jeusi. Rangi ilipogeuka, na tabia iligeuka. Asubuhi moja nilimkuta Labidochromis amejibana kwenye kona ya juu, nyuma ya bomba la chujio, akihema haraka, mkia umetafunwa hadi ikabaki miiba mitupu. Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza ninachotazama nikiamka ni zile kona za juu. Samaki wa mawe anayeelea pale hapumziki, amefukuzwa. Auratus aliondoka jioni ileile.

Walionishangaza ni brichardi, ambao niliwaona wapole kuliko wote. Jozi ile ilitaga pangoni, na watoto walipokua hawakuondoka. Walibaki kuwalinda wadogo zao, kwa kuwa ndivyo samaki hawa wanavyolea, ukoo mzima kwa pamoja. Kizazi cha pili kikaja, kisha cha tatu. Mmoja mmoja hakuwa na ukali wowote wa kutisha, lakini nilipowahesabu na kupita arobaini, Labidochromis wote walikuwa wamesukumwa kwenye pembe isiyozidi upana wa kiganja changu. Lita zilizobaki zote zilikuwa za familia moja.

Nilitoa kila samaki na kuanza upya, safari hii nikichagua kwa makazi wala si kwa sura. Cyprichromis leptosoma kumi na wawili wanaogelea katikati ya maji na juu, hawana haja na jiwe lolote. Rundo la mawe la kushoto lilipewa jozi ya Julidochromis, wanaoishi katika nyufa. Upande wa kulia nilitandaza mchanga na makombe matupu ya konokono kwa ajili ya Neolamprologus multifasciatus, wasiofika hata sentimita tano, ambao kila mmoja humiliki kombe lake na kulizungushia shimo. Wa mwisho kuingia alikuwa Altolamprologus calvus mmoja, bapa kama kadi, anayepenya kwenye nyufa na kula vitoto vinavyozidi. Huyo ndiye jibu langu kwa yaliyotokea kwa brichardi. Aina zote nne ni wala wadudu na viumbe vidogo vya majini, kwa hiyo unga uleule wa dagaa wasio na chumvi, kiasi kidogo, sasa unawafaa.

Kila nilipoongeza samaki nilihamisha mawe machache kwanza, ili wenyeji nao wajikute wageni, na niliwaingiza taa ikiwa imezimwa. Kila Jumapili hubadilisha ndoo tatu za lita 20 kwa maji yaliyolala wazi kwenye pipa kuanzia jana yake, klorini ikiwa imetoka. Umeme ukikatika ninayo pampu ya hewa ya betri. Mfuniko nao ni lazima: Cyprichromis wawili niliwakuta sakafuni wamekauka.

Mwaka wa pili sasa hakuna aliyepoteza pezi. Mama alipokuja kutoka Kigoma alivuta kiti, akawatazama kwa muda mrefu wale wa kwenye makombe, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hawa watakua lini?" Nikamjibu kuwa wamekwisha kukua.