Siku Tuliyosoma Leso za Mama

Khitma ya arubaini ya mama ilipokwisha na sinia za majirani kurudishwa, ndugu zangu wa kiume waliketi barazani wakazungumza mambo ya nyumba. Mimi nilikuwa ndani nakusanya vikombe, na sauti zao zilinifikia dirishani. Walikubaliana upesi. Nyumba isiuzwe wala isipangishwe, nami nibaki humo nilivyokuwa, ili ndugu wakija Mombasa kwa Idi na harusi wakute mlango wazi. Kaka yangu mkubwa akasema, "Yeye ndiye mwenye nyumba sasa," na wenzake wakaitikia inshallah. Lilikuwa neno la heshima, na sikuwa na shaka kwamba wananipenda. Ila hakuna aliyeingia ndani kuniuliza.

Nilikuwa na miaka 48. Ndoa yangu ilivunjika zamani, nikarudi kwa mama na binti mchanga. Nikafundisha shule ya msingi isiyo mbali na nyumbani, binti akakua, akaolewa Nakuru. Kisha mama akapooza upande mmoja, na ulimi ukawa mzito, mpaka mwisho maneno hayakutoka kabisa. Miaka ile yote kuamka usiku kulikuwa na sababu: kumgeuza, kumbadilisha, kumpa maji kwa kijiko. Sasa hedhi ilikuwa imeanza kunikata, na usiku joto lilinipanda kifuani nikaamka nimelowa jasho, nikakaa kitandani hadi adhana ya alfajiri. Hapakuwa na wa kugeuzwa. Nadhani kina mama wengi wa umri ule wanayajua masaa yale, lakini ni nadra kuyazungumza, hata sisi kwa sisi.

Wageni walipotawanyika, akabaki binti ya marehemu mama mdogo, aliyekuja kutoka Leicester, Uingereza. Ni mdogo wangu kwa miaka kadhaa, huniita dada. Alikawia kwa sababu kazi moja ilikuwa imesalia, nayo ilikuwa yetu wanawake: makasha ya leso, yaani kanga, za mama. Ilibidi zifunguliwe, zipigwe jua, zitengwe za jamaa na za sadaka.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya sala ya alasiri. Tuliyaburura makasha hadi uani, tukatandika mkeka. Kabla hatujafungua, mdogo wangu akaniambia, "Dada, tangu nije umesema habari za watu wote. Wewe je?"

"Mimi sina neno."

Akanyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na kifurushi cha kitambaa. Ndani mlikuwa na karata kubwa, ndefu kuliko za kuchezea, zenye picha za rangi. Nilijua ni nini. Mwili wangu ulirudi nyuma kabla ya akili.

Nimekulia Mji wa Kale. Ramli naijua tangu utotoni, kwa kuwa bibi mmoja wa mtaani kwetu alikuwa hafanyi jambo bila kutazamia. Mpiga ramli hutia nukta mchangani bila kuzihesabu, kisha huzifuta mbili mbili hadi ibaki moja au mbili, na mistari minne ya namna hiyo hufanya umbo. Maumbo yako 16, na kila moja lina jina lake na nyota yake. Mtu huja na hofu: nani kaniroga, mume atarudi lini, safari ina heri? Huondoka na hofu kubwa zaidi, na jina la jirani kichwani. Nimeona ndugu wakikatana undugu kwa ajili ya neno lililotoka kwenye mchanga. Kwa hiyo nilimwambia wazi kwamba ghaibu ni ya Mungu, na kwamba Sura ya Al-Maida imeitaja ramli pamoja na ulevi na kamari.

Hakubishana. Alisema, "Hayo nayaamini pia. Mimi sitaki ziniambie la kesho. Nataka ziniulize la leo."

Ndipo akanieleza maisha yake ya kule, ambayo kwenye simu hakuwahi kunieleza. Anafanya kazi ya usiku kwenye makao ya wazee. Akirudi asubuhi watoto wamekwenda shule, mumewe yuko kazini, nyumba kimya, na yeye bado anasikia kengele za wagonjwa masikioni. Huchemsha chai, akaweka karata moja mezani, akaitazama mpaka chai ikapoa kiasi cha kunyweka. Kisha anaandika mistari michache kwenye daftari: nimeona nini, kimenigusa nini, nimeikwepa nini. Halafu analala. Wenzake kazini, wanawake wa umri wetu, wengi wao wana karata za namna hiyo. Wengine hupenda zile za uaguzi zinazotungwa siku hizi, ambazo hazina idadi maalumu na kila mchoraji hujitungia zake, maua, ndege, malaika. Zake zilikuwa za taroti, 78.

Aliniambia pia kwamba hazikuanza kwa uaguzi. Zilikuwa mchezo wa mabwana wa Italia ya kaskazini katika miaka ya 1400, na mambo ya kubashiria yalishika huko Ufaransa baadaye sana, katika miaka ya 1700. Lakini alichotaka hasa nikijue kilikuwa habari ya mwanamke aliyechora picha zile. Pamela Colman Smith. Sehemu ya utoto wake aliipitia Jamaica, akabeba huko hadithi za Anansi, buibui mjanja aliyevuka bahari na Waafrika waliotiwa utumwani, akazichapisha kitabuni mwaka 1899. Mwaka 1909, mjini London, alichora picha za karata zote 78, na kwa miaka mingi pakiti ikajulikana kwa jina la mchapishaji na la bwana aliyemwagiza kazi. Alikufa Cornwall mwaka 1951 bila mali. Mdogo wangu alilisema hilo kwa uchungu wa mtu anayesimulia habari za shangazi yake. "Mikono yake, dada. Jina la wengine." Nami, niliyekuwa nimesikia dirishani mambo ya nyumba yakiamuliwa, lilinikaa.

Nikampa masharti. Zisichanganywe, zisifunikwe, na asinifasirie hata moja. Akakubali bila kusita, akazipanga mkekani zote zikiangalia juu, akasema nichukue ile ambayo jicho haliachani nayo.

Nilichukua moja yenye vikombe vinane. Vitano vimepangwa chini, vitatu juu yake, na safu ya juu ina pengo. Nyuma ya vikombe mtu aliyevaa joho jekundu, na mkongojo mkononi, anapanda kuelekea milimani akiwa ametupa mgongo. Juu mwezi una uso, nao unamtazama.

"Anakwenda wapi?" aliniuliza.

"Sijui. Anaondoka."

"Kwa nini? Vikombe vimevunjika?"

"Vizima. Amevipanga vizuri kwanza."

Sauti ilinikatika hapo. Nililia kilio ambacho sikukilia siku ya mazishi, siku ambayo nilikuwa na watu wa kuwalisha. Na maneno yaliyotoka yalinishangaza mwenyewe, maana hata kwenye dua sikuwa nimeyatamka: "Sitaki kubaki kwenye nyumba hii."

Mama mkubwa, dada wa marehemu, alikuwa amepumzika chumba cha ndani. Kilio kikamwamsha. Alipotokea mlangoni na kuziona karata alisema audhubillahi, akatukumbusha hadithi ya Mtume kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli sala yake haikubaliwi siku arubaini. Mdogo wangu akazikusanya kwa adabu, akazifunga kitambaani. Nikamwambia, "Mama, hatukutazamia kitu. Nimeulizwa swali tu." Akaniangalia uso uliolowa, kwa muda. Kisha akaketi mkekani, akasema jambo ambalo silisahau.

"Mkitaka kusema na nafsi zenu, fungueni kasha. Mamenu hakuvaa leso bila kuisoma."

Harufu ya udi na karafuu ikatujia. Leso zilikunjwa doti doti, nyingine hazijakatwa wala kupindwa. Leso ina pindo, ina mji, ndiyo sehemu ya kati, na chini ya mji pana jina lake, yaani msemo ulioandikwa, na mwanamke wa pwani hununua jina kwanza ndipo anunue rangi. Nyingi zilikuwa za Abdulla wa Biashara Street, duka la tangu 1887, zenye ile alama ya duka, K.H.E. Mali ya Abdulla. Mama mkubwa akawa anazifunua moja moja na kutupa historia zake. Hii aliivaa asubuhi baba alipooa mke wa pili, akapita nayo mtaa mzima: *Moyo wangu sultani, cha mtu sikitamani.* Hii alipewa na wifi waliyekuwa hawasemezani, *Wema hauozi*, na ugomvi ukaishia hapo. Kisa hicho cha baba nilikijua. Leso ni barua, kila mtoto wa kwetu anajua. Unamwandikia jirani, mke mwenzio, mkwe.

Nisilolijua ni lile alilolisema baadaye, akiwa ameshika leso kuukuu iliyofifia. "Hii hakutoka nayo nje hata siku moja." Mama, alisema, kila baada ya alfajiri alikuwa akifungua kasha, akipitisha mkono juu ya leso na kujiuliza leo yuko wapi. Akichagua, ajifunge, abaki nayo ndani hadi jioni. Mara nyingi hakukuwa na msomaji ila yeye. Leso ile ilisema *Japo sipati tamaa sikati*.

Nikakumbuka miaka ya mwisho. Nikimvisha asubuhi, ulimi wake umekwisha, alikuwa akiisukuma leso moja kwa mkono wake mzima na kuivuta nyingine. Nilidhani anachagua rangi. Nilimweleza mama mkubwa hilo, naye akanishika goti, tukanyamaza wote watatu.

Tulisoma hadi mwanga ukatuishia. *Sisi sote abiria dereva ni Mungu. Riziki haivutwi kwa kamba. Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake.* Usiku ule nikakata karatasi ya manila iliyobaki shuleni, nikaandika majina yote, moja kwa kila kipande, kwa ile hati ninayoandikia ubaoni. Pembeni ya kila kipande mdogo wangu akachora pindo la leso yenyewe, maembe, mkufu, korosho. Leso zenyewe zikaenda kwa wenyewe.

Huo ndio utaratibu nilioushika. Baada ya sala ya alfajiri natoa kipande kimoja, nakisoma kwa sauti, naandika. Jambo kubwa likihitaji uamuzi naswali istikhara, sala ya kumwomba Mungu aniongoze. Kipande cha manila hakiniamulii kitu, na sijawahi kukiuliza la kesho. Kinachonisaidia ni ile dakika ya kusimamishwa. Mwanamke wa umri wangu huulizwa mchana kutwa chumvi iko wapi, ada imelipwa, mgonjwa anaendeleaje. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba anastahili kuulizwa na yeye, hata akijiuliza mwenyewe.

Kipande cha kwanza, Ijumaa ile, kilitoka *Mgeni njoo, mwenyeji apone*. Nilivunjika moyo. Nilitaka kitoke *Usisafirie nyota ya mwenzio*, ambacho kingefanana na picha ya jana, na nilikaribia kukirudisha nitoe kingine. Mdogo wangu akasema, "Kaa nacho hicho hicho." Nikakaa nacho. Nikaandika majina ya wageni wote niliowakumbuka waliopita kwenye nyumba ile tangu nirudi, harusi, matanga, likizo za wapwa zangu, na mbele ya kila jina nikaandika nilikuwa wapi wakati wanazungumza. Jikoni. Jikoni. Kwa mama. Jikoni. Ukurasa ulijaa. Hawakunikosea watu wale. Nilipenda kuwapokea, na ningewapokea tena. Lakini nilipoutazama ukurasa nilijua kwamba hilo la jana halikuwa hasira ya msiba, na kwamba lingenirudia mwaka ujao likiwa limeota sumu.

Baada ya sala ya Ijumaa nilimpigia kaka mkubwa. Nilimwambia, "Kaka, sitabaki." Alinyamaza, kisha akauliza nani kaniudhi. Nikamwambia hakuna. Akauliza nitakwenda wapi nami mwanamke peke yangu. Nikamwambia Kilifi, nitaomba uhamisho, nipate chumba karibu na shule. Nikampa na wazo la nyumba: chini ipangishwe, juu kibaki chumba kimoja cha jamaa, ufunguo akae nao mama mkubwa. Aliniambia atazungumza na wenzake, na sauti yake haikuwa ya kuridhika. Lakini kabla ya kukata simu aliuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza: kama nalala vizuri usiku. Nikamjibu ukweli, kwamba silali, na tukazungumza hilo kuliko tulivyozungumza nyumba.

Fomu ya uhamisho niliijaza Jumatatu, wakati wa mapumziko ya saa nne, watoto wakipiga kelele uwanjani. Kwenye nafasi ya sababu niliandika kwamba kazi niliyokuwa nayo hapa nimeimaliza.