Kurudi Jinja mlikofanyia fungate: maporomoko hayapo, magoti nayo yamebadilika

Kama fungate yenu ilikuwa Jinja, Uganda, miaka ya 1990, picha iliyobaki kwenye albamu huenda ni ya maporomoko ya Bujagali kwenye mto Nile: maji meupe yananguruma nyuma yenu, na kando yupo kijana na jerikeni ya lita 20, anangoja alipwe ili ajitose nayo. Mahali hapo hapapo tena. Bwawa la umeme la Bujagali, la megawati 250, lilijazwa mwishoni mwa 2011 na maporomoko yakazama. Leo ukimwomba dereva akupeleke Bujagali atakufikisha kwenye ziwa tulivu, na hatakuwa amepotea njia.

Kwa hiyo amueni mapema mnafuata nini. Kama ni ile ngurumo, nendeni Itanda, kaskazini zaidi upande wa Busoga. Ng'ambo yake ni Kalagala. Maji bado yanagonga miamba huko, ingawa bwawa la Isimba lililoanza kazi 2019 limemeza mawimbi mengine chini zaidi ya mto. Sehemu ya njia ni ya murram, haina lami. Mvua ikinyesha, gari dogo huteleza, basi kodini gari lililoinuka kidogo. Ukingoni miamba ni laini na huna pa kushika. Vaeni viatu vyenye soli ya mpira, chukueni fimbo, na msisogee pale mwamba unapong'aa kwa maji.

Kama mnafuata mahali penyewe, Bujagali ina faida moja ambayo ujanani haikuwepo: mnaweza kuelea juu ya yale maporomoko yaliyowatisha. Boti ya taratibu, asubuhi, ndege wengi. Kwa wazee mimi naiona bora kuliko Itanda.

Shida ya Bujagali ni ngazi. Nyumba nyingi za wageni zimejengwa juu ya kingo zenye mteremko mkali, na chumba chenye mandhari nzuri mara nyingi ndicho cha chini kabisa. Msiulize kwa simu kama "panafikika", maana jibu ni ndiyo siku zote. Ulizeni kuna ngazi ngapi kutoka gari linapoegeshwa hadi kitandani, na kutoka kitandani hadi mezani. Zina mshikio? Bafu lina kizingiti? Umeme ukikatika usiku, taa ya njiani inabaki? Asiyeweza kuhesabu ngazi zake hajawahi kuwa na mgeni mwenye goti baya. Mkituma malipo ya awali kwa simu, hakikisheni jina linalotokea ni la hoteli kabla ya kuweka namba ya siri. Hoteli ya zamani inaweza kuwa na mmiliki mwingine na jina lile lile.

Kwenye chanzo cha mto Nile, hakikisheni upande. Bustani yenye sanamu ya Gandhi iko upande wa mashariki, Jinja mjini. Mnara wa Speke, mpelelezi Mwingereza aliyefika hapo Julai 1862, uko magharibi, Njeru. Ni malango mawili tofauti, na kila upande una kiingilio chake. Na msitafute maporomoko ya Ripon. Hayo yalizama zamani zaidi, bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa 1954. Boti hapa ni za mbao, na hatari kubwa iko kwenye kupanda: kutoka gatini unashuka hatua moja ndefu huku boti inacheza. Mwenye nguvu atangulie, ageuke, ampokee mwenzake kwa mikono miwili, kisha wote wakae katikati. Chagueni boti yenye paa, na vaeni jaketi za kuokolea kabla ya kupanda, siyo mkiwa majini. Nendeni kabla ya saa nne asubuhi, maana mchana upepo wa Ziwa Viktoria huamka. Bei ikubaliwe kwa boti nzima.

Kwenye boti hakuna choo. Anayemeza vidonge vya presha vya kuongeza mkojo amuulize daktari, kabla ya safari, kama siku hiyo anaweza kuvimeza akisharudi. Kuviacha kabisa ni kosa.

Mnaovuka kutoka Kenya kwa Busia au Malaba mtaulizwa cheti cha homa ya manjano. Kile cha zamani msikitupe! Tangu Julai 2016, chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote, hata kama kadi imeandikwa mwisho ni miaka kumi. Hili ni muhimu kwetu wenye mvi, kwa sababu kuchanjwa mara ya kwanza baada ya miaka 60 kuna hatari zaidi ya madhara makali. Anayeanza sasa amuone daktari kwanza. Dawa ya kukinga malaria nayo ichaguliwe na daktari aliyeona orodha ya dawa zenu zote, maana mojawapo, mefloquine, haimfai kila mwenye moyo mbovu.

Na kichocho. Msitie miguu kwenye maji ya ukingoni, hata kwa picha. Kama mliogelea wakati wa fungate na hamkupimwa, pimeni sasa: minyoo hiyo huishi mwilini miaka mingi kimya kimya, na tiba yake, praziquantel, si ghali.

Kutoka Kampala ni kilomita 80 hivi, lakini msongamano wa Mukono na malori ya msitu wa Mabira vinaweza kuzifanya mwendo wa saa nne. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, na isiwe siku ya Jumamosi. Kwenye daraja jipya la Nile, la 2018, msisimame kupiga picha. Walinzi hawana utani. Simameni Namawojjolo, soko la kando ya barabara, mnyooshe miguu, mle gonja (ndizi ya kuchoma) ya moto. Kuku mchague anayetolewa motoni mkiona. Aliyekaa kwenye kijiti tangu alfajiri mwacheni, na ile chumvi ya pembeni pia.