Kioo cha simu yangu nilibadilisha mwenyewe, cha dada nikapeleka kwa fundi

Simu iliniponyoka mkononi nikiwa napanda ngazi, ikaangukia kifudifudi. Nilipoiokota, ufa ulikuwa mmoja tu, wa kona hadi kona, lakini nusu ya chini ya skrini ilikuwa nyeusi tii na tachi haikuitika popote. Ujumbe ulikuwa unaingia, nausikia, siwezi kuusoma.

Kilichonishtua si kioo, ni picha. Za miaka mitatu, na nakala sikuwa nazo. Kwa hiyo kabla ya kuwaza bisibisi nilichomeka kibodi ya kompyuta kwa adapta ndogo ya OTG, ile inayounganisha vifaa vya USB na simu, nikaandika namba ya siri, simu ikafunguka. Nikatoa kibodi, nikaweka kipanya, nikawasha kuhifadhi picha kwenye akaunti yangu ya mtandaoni, nikaiacha usiku kucha. Namshauri kila aliyevunja kioo aanzie hapo, awe anakwenda kwa fundi au anafungua mwenyewe.

Nilidhani nitabadilisha kioo cha juu peke yake. Haikuwezekana nyumbani. Katika simu nyingi za sasa, kioo, tachi na paneli inayotoa picha vimegandishwa pamoja. Kuvitenganisha kunataka mashine ya joto, gundi maalumu na mkono uliozoea. Ufa ukiwa wa juu tu, na tachi na picha viko sawa, fundi mwenye mashine anaweza kuokoa paneli yako. Yangu ilikuwa imeshakufa, ikabidi ninunue skrini kamili. Huuzwa na fremu au bila fremu. Ukichukua yenye fremu unahamisha viungo vyote vya simu, betri ikiwemo, ila hugusi gundi ya skrini. Mimi nilichukua isiyo na fremu kwa kuwa ni nafuu zaidi. Leo ningechukua ile nyingine.

Kazi ilikula siku nzima. Niliacha chaji ishuke chini ya asilimia 25, kwa sababu betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka, na iliyojaa huwaka vibaya zaidi. Mfuniko wa nyuma niliupasha kwa draya ya nywele, nikapenyeza kijikadi cha plastiki pembeni kidogo kidogo. Chuma sikukitumia kabisa. Skrubu nilizibandika kwenye karatasi niliyochora umbo la simu, kila moja mahali ilipotoka, maana hazilingani urefu, na ndefu ikikazwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa bodi. Kisha nikachomoa waya wa betri kabla ya kugusa fleksi yoyote, yaani zile tepe nyembamba zinazounganisha sehemu za simu.

Skrini ya zamani ilitoka vipande vipande. Hapa ndipo miwani ya kukinga macho ilipofaa. Vumbi la kioo lilikuwa kila mahali. Kusafisha gundi kwenye fremu kulinichukua muda kuliko yote yaliyotangulia, na haikufaa kuharakisha: punje moja ikibaki, skrini mpya haikai sawa, na ikibanwa pale inapasuka.

Kabla ya kupaka gundi nilichomeka skrini mpya na kuwasha simu. Picha safi, tachi hakuna. Moyo ulinienda mbio. Nikazima, nikachomoa betri, nikabonyeza tena kichwa cha fleksi mpaka kikalia, tachi ikarudi. Ningekuwa nimeshagandisha, ningelazimika kubandua skrini mpya. Nikapaka gundi, nikaifunga kwa mipira, nikaiacha hadi kesho yake.

Simu ilifanya kazi, ila nilipopiga, skrini haikuzimika nikiiweka sikioni. Kimpira cheusi kinachozunguka sensa ya ukaribu, ile inayohisi simu ikiwa sikioni, kilikuwa kimebaki kwenye kioo cha zamani. Nikafungua upya, nikakihamisha. Rangi nazo zinaelekea bluu kidogo, juani haiangazi kama ya mwanzo, na maji siiamini nayo tena. Kwa pesa niliokoa, lakini ukihesabu vifaa nilivyonunua, si nyingi kama nilivyotarajia. Nimeridhika nayo hata hivyo, kwa sababu simu ilikuwa ya zamani na picha zilikuwa salama.

Miezi michache baadaye dada yangu akavunja yake: skrini ya OLED, ambayo kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, iliyopinda kingo, na kitambuzi cha alama ya kidole kiko chini ya kioo. Akaniambia, “Si wewe unajua, nitengenezee.” Nilikataa. Skrini nyingi za bei nafuu za simu za aina hiyo ni LCD, ambazo huwa na taa nyuma yake, na kitambuzi cha chini ya kioo kwa kawaida hakisomi kidole kupitia kwake. Nikaenda naye kwa fundi, tukauliza: skrini ni halisi, imekarabatiwa au ni ya kuiga? Kidole kitasoma? Dhamana inahusu nini? Skrini ya zamani tutarudishiwa? Simu ikiwa Samsung, kama hiyo yake, nyingi za miaka ya karibuni zina hali ya matengenezo inayoficha picha na ujumbe. Tukaiwasha, kwa hiyo fundi hakuhitaji namba ya siri.

Tuliomba aijaribu mbele yetu kabla ya kulipa. Dada akaita namba yangu, akaiweka sikioni, skrini ikazimika. Kidole kiligoma mara mbili. Fundi akamwambia afute alama za zamani, asajili upya, kikafungua.