Sanduku la Baba Libaki Lindi

Ukiingia chumba cha nyaraka katika Maktaba ya Umma ya Detroit, Marekani, kalamu ya wino unaiacha mlangoni pamoja na mkoba. Unapewa penseli. Unaletewa boksi moja, unafungua faili moja, na kila karatasi inarudi pale pale ilipotoka. Mara ya kwanza nilidhani nabanwa kwa kuwa ni mgeni. Kisha akaja mzee mmoja wa Kizungu, mwenye mvi na suti, naye akaambiwa aweke kalamu yake. Nikatulia.

Hii ni maktaba ya umma, msomaji wangu, naomba ulishike hilo. Jengo lake la marumaru nyeupe pale Woodward Avenue lilifunguliwa mwaka 1921, na kila mtu anaingia bila kulipa: mwanafunzi, asiye na kazi, mama na mtoto wake kwenye kigari, na mimi, binti wa dereva wa lori kutoka Lindi, ninayefanya kazi ya usiku kwenye ghala la vipuri vya magari. Nilianza kwenda kwa sababu ya baridi. Chumba nilichopanga kilikuwa na hita mbovu, na Februari ya Michigan haina huruma na mtu aliyekulia pwani. Maktaba ilikuwa na joto na viti. Nikawa nakaa, na mtu akikaa ndani ya maktaba, mwisho wake atasoma.

Wana hazina mbili mle ndani. Moja ni ya historia ya mji na wilaya zake. Wakili mmoja, Clarence Burton, alitumia maisha yake kukusanya hati za Detroit, kisha mwaka 1914 akaikabidhi maktaba mzigo wote: hati za viwanja, barua, daftari za wafanyabiashara, nasaba za familia. Nyingine ni ya magari, ilianzishwa mwaka 1944. Humo kuna vitabu vya mafundi, vipeperushi vya mauzo na picha. Ukitaka kujua habari za Charles King, aliyeendesha gari la kwanza katika mitaa ya Detroit mwezi Machi 1896, miezi mitatu kabla Henry Ford hajatoa la kwake, unaketi pale na penseli yako unasoma.

Mimi hao wakubwa hawakunigusa sana. Kilichonigusa ni vitabu vinene vya orodha ya wakazi. Zamani kila mwaka mji ulichapishiwa kitabu chenye jina la mtu, kazi yake na anwani yake. Nikatafuta mtaa ninaokaa. Nikamkuta aliyeishi kwenye nyumba ile ile miaka ya 1920: fundi mitambo. Mwaka uliofuata yupo mwingine, mmwaga chuma kiwandani. Si matajiri, wala hawakuanzisha kampuni. Walikuwa watu wa kuamka alfajiri na chakula mkononi, na miaka mia moja baadaye msichana wa Kimwera anasoma majina yao.

Baba yangu aliendesha lori miaka 25, tangu 1964 hadi macho yalipomkataa 1989. Alipitisha korosho, chumvi, saruji, maiti, wajawazito na walimu wapya katika barabara zote za Kusini. Jina lake haliko kwenye kitabu chochote cha maktaba yoyote duniani. Nilifunga kile kitabu nikatoka nje kwenye theluji bila kuvaa kofia.

Kuna jambo nililijua pale pale Detroit na bado linanishangaza. Lori la baba lilikuwa Bedford. Sisi watoto tuliamini Bedford ni ya Waingereza, na ni kweli ilitengenezwa Uingereza na Vauxhall. Lakini Vauxhall ilinunuliwa na General Motors, kampuni ya Detroit, mwaka 1925, na Bedford za kwanza zikatoka 1931. Maana yake mali ile iliyomtoa baba jasho kwenye tope la mto Mbwemkuru, mwenyewe alikuwa Detroit, mji ninaolala mimi leo. Baba alikufa bila kujua. Ningetamani nimwambie yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwaka jana nilipata likizo ya wiki tano nikaenda nyumbani. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi nilipanda basi asubuhi, nikafika bado kuna mwanga. Wadogo zangu wanaona ni kawaida. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo ilikuwa pantoni pale Ndundu, na pantoni ikiharibika, foleni ya magari ililala hapo siku kadhaa. Masika ikikolea, Kusini ilikatika na nchi yake. Waliokuwa na haraka walisubiri meli.

Sanduku la baba lilikuwa chini ya kitanda cha mama, la bati, lenye kutu pembeni. Mama alipoona nalivuta akaguna.

"Makaratasi hayo ya nini, mama? Mchwa wanapanda kwa sababu yake. Nilitaka kuyawashia moto Ramadhani iliyopita."

"Usithubutu, mama. Tafadhali."

"Basi yatoe, lakini vumbi lake usiniletee humu."

Tukaweka mkeka uani. Zilikuwepo leseni tatu za udereva, picha kumi na nne, stakabadhi za vipuri, barua ya onyo kwa kuchelewesha mzigo, na daftari tisa za safari. Daftari mbili mchwa walikuwa wamezila katikati, zimebaki kingo tu. Saba zinasomeka. Baba aliishia darasa la nne, lakini hakuna siku aliyoiruka. Nanukuu ukurasa mmoja kama ulivyo: "Machi 17. Mbwemkuru maji mengi. Tumelala. Machi 18. Tumelala. Machi 19. Tumelala. Utingo ana homa. Machi 20. Tumevuka. Springi ya nyuma imekatika."

Nilimtafuta huyo utingo. Yu hai, anaishi upande wa Mtama, ana miaka inayokaribia 80. Nilimkuta chini ya mwembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

Nilipomtajia jina la baba alinyamaza, akaomba aletewe kiti kingine, akanikalisha karibu kabisa. Nilikaa hapo tangu saa tatu asubuhi hadi adhana ya alasiri, simu yangu inarekodi kwa ruhusa yake. Alinieleza homa ile ya Machi, kwamba mama mmoja wa kijiji cha karibu na mto alimpikia uji siku tatu na kukataa hela. Alinieleza kuwa springi ile waliifunga kwa vipande vya mpira wa tairi na gogo la mninga, wakaendesha hadi Lindi kwa mwendo wa mtu anayetembea. Alinionyesha kwa mikono yake namna ya kupiga hendeli ya kuwashia injini bila kuvunjika kiganja: dole gumba linakaa upande mmoja na vidole vingine, halikizunguki chuma, kwa sababu injini ikirudisha, mkono unakwenda nao. Kwenye mlima alikuwa anatembea nyuma ya lori na kigingi begani, tayari kukitupa chini ya tairi gari likianza kurudi. "Baba yako alikuwa anaimba ili nijue breki bado inashika," akasema. "Akinyamaza, natupa kigingi."

Hilo la kuimba halimo kwenye daftari. Mimi mtoto wake nilikuwa silijui.

Hii kwangu ndiyo historia ya magari, na ndiyo historia ya mkoa. Wengi tukitajiwa usafiri wa Kusini tunakumbuka mradi wa karanga. Waingereza waliuanza 1947, wakachagua Kongwa, Urambo na Nachingwea. Huku kwetu wakajenga reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, kuelekea Nachingwea, na bandari ya kina kirefu Mtwara. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa. Reli ikabaki na mizigo michache, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa. Baada ya hapo ni nani aliyebeba korosho za Masasi, Newala na Nachingwea? Malori. Ni nani aliyejua kila daraja la magogo kati ya Ndanda na Mingoyo? Madereva na matingo. Wenye mradi wa karanga waliandika sana, na faili zao nyingi unazipata kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, huko Kew. Waliobaki kuendesha malori waliandika daftari za safari, na hizo ziko chini ya vitanda.

Nyingine hata chini ya vitanda haziko. Ofisi moja, sitaitaja, ilipohamia jengo jipya ilichoma daftari zake zote za magari za miaka ya 1970. Mzee yule, utingo wa baba, alikuwepo. Anasema moshi ulidumu siku mbili. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, walihitaji nafasi. Nimeumia, na sioni aibu kusema.

Kaka yangu aliposikia haya akanishauri nibebe sanduku niende nalo Marekani. "Kule wana mashine za kukausha hewa, dada. Hapa chumvi ya bahari inakula hata bati." Ana hoja. Nililala nikiiwaza usiku mzima, na begi nilikuwa na nafasi.

Asubuhi nilikataa, kwa sababu ya Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba kwenye kile kilima chetu mifupa ya mijusi wakubwa wa kale. Wapagazi wakaibeba, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Mmoja wa wanyama hao amesimama Berlin hadi leo, mrefu kupita mita 13, na watoto wengi wa Lindi hawatamwona kwa macho. Msimamizi wa uchimbaji alikuwa mtu wa kwetu, Boheti bin Amrani. Jina lake tunalijua kwa kuwa liliandikwa, na mwaka 2007 wanasayansi wakampa mjusi mmoja jina la kumkumbuka, bohetii. Wapagazi kwa mamia waliobeba vichwani, tumebaki na wangapi kwa majina? Siwezi kuwa mtu mwingine wa kupakia mzigo wa Lindi wa namna ile na kuupeleka ng'ambo, hata kama ni sanduku dogo na ni la baba yangu.

Kwa hiyo sanduku limebaki. Kila ukurasa nimeupiga picha kwa simu, dirishani, jua likiwa pembeni ili wino uonekane. Pini za kutu nimezitoa. Picha nimezibandua kwenye albamu ya kunata na kuzitia kwenye bahasha za karatasi, maana nailoni inashika unyevu. Nyuma ya kila picha nimeandika kwa penseli laini, bila kukandamiza: nani, wapi, gari gani. Sanduku tumelipandisha juu ya matofali, mbali na ukuta.

Hizo ni kazi za nyumbani tu. Ninachokitaka ni rafu. Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba za mikoa, na huku kwetu Lindi na Mtwara zipo. Idara ya Nyaraka za Taifa ina sheria yake ya mwaka 2002 kwa kumbukumbu za serikali, lakini daftari la dereva wa lori ni mali ya mjane wake, na mjane hajui apeleke wapi. Maktaba ya mkoa ndiyo mlango anaoufikia kwa miguu. Rafu moja yenye kufuli, maboksi, orodha inayotafutwa kwa jina la mtu, la kijiji na la gari, na fomu ya ukurasa mmoja ya Kiswahili inayosema familia inaazima au inatoa moja kwa moja. Nakala zikae mahali pawili. Niliongea na mkutubi mmoja, kijana makini sana. Aliuliza swali nililokuwa sijalifikiria: barua ya onyo, je, familia inataka isomwe na kila mtu? Tuliirudisha kwa mama aamue. Mama akasema iwekwe, mume wake alichelewesha mzigo kwa sababu alimpeleka mjamzito hospitali ya Ndanda, na watu wajue.

Mimi nitanunua maboksi. Nimeshaanza kuweka akiba kila wiki. Na wewe mwenzangu uliyeko Muscat, London au Johannesburg, mwenye baba aliyekuwa fundi gereji, konda au mpimaji barabara, mpigie mama leo umwombe asichome kitu.

Picha kumi na tatu zina majina. Moja bado. Ni pantoni ya Ndundu, nyuma yake baba ameandika 1971. Wamesimama watu wanne mbele ya Bedford. Baba ni wa kwanza kushoto. Wa pili ni utingo wake. Wa tatu, mwenye baragashia, Mzee amemtambua kuwa ni fundi wa Kilwa Masoko, na familia yake nimeshaipata. Wa nne ni kijana mrefu, shati jeupe limefungwa kiunoni, amekumbatia betri ya gari kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, na sikio lake la kushoto lina kovu. Mzee anakumbuka kwamba alipanda Nangurukuru na alishuka Utete. Jina halijui. Kama ni baba yako au babu yako, niambie, niliandike nyuma ya picha.