Damu ya mama aliyejifungua ipimwe, isikadiriwe kwa macho

Kama una mtu wako ni mjamzito sasa hivi, mke, dada, wifi, binti yako, soma hii mpaka mwisho, na kina baba msiruke maana kuna sehemu inawahusu nyie mnaokaa kwenye benchi pale nje mkisubiri kuitwa. Nataka kuongelea utafiti uliofanyika kwenye hospitali za kwetu, kwa wazazi wa kwetu, na kwa maoni yangu ni kitu kikubwa kuliko vyote vilivyotokea leba miaka hii ya karibuni, ila ukiuliza mtaani karibu hakuna anayeujua. Wanaoujua ni madaktari na sisi wakunga, na hata sisi sio wote.

Mi ni nesi mkunga, kazi yangu ni leba, kwa hiyo naandika kuhusu vitu ninavyovishika kwa mikono.

Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua wodini tunaita PPH. WHO wanasema wanawake kama milioni 14 duniani wanapata hii kitu kila mwaka na kama elfu 70 wanafariki, na wengi wao ni wa Afrika na Asia Kusini. Sasa kinachoniumaga ni kwamba sio ugonjwa usio na dawa. Dawa zipo, tena za siku nyingi. Kinachoua mara nyingi ni kuchelewa kujua kwamba huyu mama anatoka damu kupita kiasi, na mkishajua, kuchelewa kufanya yote yanayotakiwa.

Ngoja niwaeleze damu inavyojificha, maana mtu ambaye hajaingia leba anadhani ni kitu cha kuona tu. Mtoto ametoka, analia, anafutwa, anawekwa kifuani kwa mama yake, kondo limetoka, kila mtu anashukuru Mungu. Muda huo huo damu inatiririka taratibu, nyingine inanyonywa na khanga mbili tatu alizotandikiwa, nyingine imeingia chini ya makintoshi, nyingine imechanganyika na maji ya uzazi na hapo hutenganishi tena ipi damu ipi maji, nyingine iko sakafuni na imeshapigwa deki kabla hujaangalia. Halafu unafungua faili unakuta sehemu imeandikwa damu iliyotoka, mililita ngapi. Utaandika nini? Nenda leba yoyote isiyo na kipimo ukafunue mafaili, utakuta 200, 250, 200, 300, zimejipanga vile vile kama vile wanawake wote wanatoka damu sawa. Ni makadirio ya macho hayo, na jicho damu ikiwa nyingi ndo linapunguza zaidi, hata jicho la daktari bingwa mwenye miaka mingi kazini.

PPH inahesabiwa kuanzia mililita 500, nusu lita, chupa ndogo ya maji ya dukani. Ikifika lita moja hiyo ni hali mbaya. Na mama mwenye afya nzuri anaweza akapoteza nyingi presha yake bado inasoma vizuri, anaongea na wewe, anakuuliza mtoto ana kilo ngapi, halafu ghafla jasho jembamba, mikono ya baridi, mapigo yanakimbia, na hapo mmeshachelewa.

Sasa utafiti wenyewe. Unaitwa E-MOTIVE, uliongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, chini ya Profesa Arri Coomarasamy na Daktari Ioannis Gallos, pamoja na vyuo vya huku kwetu, kwa Tanzania MUHAS pale Muhimbili ambapo Daktari Fadhlun Alwy Al-beity alikuwa kwenye timu, kwa Kenya Chuo Kikuu cha Nairobi na Profesa Zahida Qureshi, na wengine Nigeria na Afrika Kusini. Hospitali 80 za nchi hizo nne zikagawanywa kwa kura, nusu ziendelee na huduma kama kawaida yao na nusu zipewe utaratibu mpya. Jumla ya wazazi waliohesabiwa ni 210,132, wote waliojifungua njia ya kawaida. Yaani laki mbili na ushee, na wengi ni mama zetu hawa wa kawaida.

Utaratibu mpya una vitu viwili. Cha kwanza ni shuka la plastiki linalotandikwa chini ya makalio ya mama mtoto akishatoka, mbele lina mfuko unaoning'inia, damu yote inaingia humo, na mfuko una mistari ya kipimo, mmoja kwenye 300 na mwingine kwenye 500. Basi. Mkunga anaangalia kila baada ya dakika 15 kwa saa nzima ya kwanza, damu imefika wapi, inatokaje, kizazi kimekaza au kimelegea, na presha na mapigo yanapimwa. Ikifika 500 huna cha kujadili, unaanza. Ikifika 300 na kuna dalili nyingine haiko sawa, unaanza pia.

Cha pili ni nini unaanza, na hapa ndo napapenda sana. Zamani, na sehemu nyingi mpaka leo, tunafanya moja moja. Unakanda kizazi, unasubiri uone. Hakijakaza unaongeza oksitosini, ile sindano ya kukaza kizazi, unasubiri. Bado, unatundika drip, unasubiri. Bado, unamwita daktari, daktari yuko theatre. Kila kusubiri kumoja kunaonekana ni kudogo lakini ukijumlisha ni nusu saa, saa nzima, na damu haijawahi kukusubiri. Watafiti wa E-MOTIVE wakasema hapana, vyote kwa pamoja: kukanda kizazi, oksitosini, sindano ya asidi ya traneksamiki ya kusaidia kuzuia damu, ambayo wodini tunaiita TXA, drip, kuangalia kama kuna mchaniko au kipande cha kondo kimebaki au kibofu kimejaa, na kuita msaada mapema kama bado. Vifaa vyote vinakaa kwenye toroli moja au boksi moja, sio mtu anakimbia famasi huku mwingine anatafuta kanula kwenye droo.

Majibu yalitoka Mei 2023. Kwenye hospitali zilizoendelea kama kawaida, wazazi 43 katika kila 1,000 walifika kwenye hali mbaya, maana yake lita moja na kuendelea, au kufunguliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kifo cha kutokwa damu. Kwenye hospitali zenye utaratibu mpya, 16. Imepungua kwa asilimia 60! Mi nimesoma tafiti nyingi za uzazi, nyingi unakuta tofauti ndogo mpaka utafute miwani, hii haihitaji miwani.

Ila namba iliyonikaa kichwani ni nyingine. Hospitali za kawaida ziliwagundua kama nusu tu ya waliokuwa na PPH, asilimia 51. Hospitali zenye shuka la mistari ziligundua asilimia 93. Na jinsi walivyojua kwamba nusu walipitwa ni kwamba hata zile hospitali za kawaida zilipewa mashuka ya kukusanyia damu, ila yasiyo na mistari, damu inapimwa baadaye kwa mizani. Damu ilikuwa ipo pale, kwenye mfuko, mbele ya macho ya mkunga, na bado mama mmoja katika kila wawili hakugundulika kwa sababu hakukuwa na mstari wa kumwambia imefika ngapi. Hii ndo hoja yangu yote ya leo. Wale wakunga hawakuwa wazembe, ni watu kama mimi. Walikosa kipimo.

Nisiwadanganye pia, kwenye vifo peke yake utafiti haukuweza kuonyesha tofauti ya uhakika, kwa sababu vifo vyenyewe kwenye pande zote mbili vilikuwa vichache sana, na asante Mungu kwa hilo. Na waliojifungua kwa upasuaji hawakuwemo, ingawa nao wanatoka damu tena sana.

Hapo kwenye TXA nisimame kidogo maana historia yake inanigusa. Iligunduliwa Japani na mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto, wakaitangaza mwaka 1962. Huyu mama alikuwa mtafiti kipindi ambacho mwanamke kwenye maabara hahesabiki, na alikuwa anakwenda maabara na mtoto wake mgongoni, amembeba. Tangu zamani alitaka dawa hii ijaribiwe kwa wanawake wanaotoka damu baada ya kujifungua, madaktari wa uzazi wa pale Kobe hawakukubali. Ikakaa miaka na miaka. Baadaye chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine kikafanya utafiti mkubwa ulioitwa WOMAN, wanawake 20,060 katika nchi 21, majibu yakatoka 2017: ukiitoa ndani ya masaa 3 vifo vya kutokwa damu vinapungua karibu theluthi moja. Mama Okamoto alifariki 2016 akiwa na miaka 98, mwaka mmoja kabla ya majibu. Halafu wakagundua kwamba kila dakika 15 unazochelewa kutoa hiyo sindano faida yake inashuka kama asilimia 10, na yakipita masaa 3 haina kazi tena. Sasa unganisha na ile habari ya kukadiria kwa macho, utaona kwa nini kipimo kinakuja kwanza kabla ya dawa.

Kuna watu watasema basi kila mama apewe TXA mapema tumalize. Walijaribu, kwa wanawake wenye upungufu wa damu, zaidi ya 15,000 wa Pakistan, Nigeria, Zambia na hapa Tanzania, wakapewa dakika chache tu baada ya kujifungua kabla damu haijawa nyingi. Haikuzuia PPH. Lakini takwimu za utafiti huo huo zikaonyesha kitu kingine muhimu sana: wale waliokuja kujifungua wakiwa na upungufu mkubwa wa damu walikuwa kwenye hatari ya kufa au kuponea chupuchupu kama mara saba ya wale wenye upungufu wa kati. Maana yake nusu lita ya mama ambaye kipimo cha wingi wa damu kinasoma 11 sio sawa na nusu lita ya mama ambaye kinasoma 6. Kwa hiyo zile dawa za kuongeza damu mnazopewa kliniki mnaenda kuziweka juu ya kabati kwa sababu zinaleta kichefuchefu na choo cheusi, jamani mezeni. Zikikushinda rudi useme, utapewa ushauri, sio unanyamaza.

Kingine ni hili la damu chafu. Bibi zetu, mama wakwe, nawaheshimu sana, wanakaa na mzazi wanasema mwacheni damu chafu itoke, ikibaki itamletea matatizo. Nimeshaambiwa hivyo nikiwa nakanda tumbo la mama huku mama mkwe ananivuta mkono. Mama, hakuna damu chafu ya kiasi hicho. Ile inayotoka kidogo kidogo kwa siku kadhaa ni ya kawaida, ile inayojaza khanga ni damu ya kuishi nayo huyo binti.

Oktoba 2025 WHO pamoja na shirikisho la madaktari wa uzazi FIGO na lile la wakunga ICM walitoa mwongozo mpya, na wamesema wazi tusisubiri 500, ikifika 300 na presha au mapigo hayako sawa anza matibabu. Kwa hiyo sio jambo la watafiti tena, ndo huduma inavyotakiwa iwe. Na sisi Tanzania tumeshaonyesha tunaweza, takwimu za taifa vifo vya uzazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai laki moja kwenye ripoti ya 2015-16 vikashuka mpaka 104 kwenye ya 2022. Hao 104 waliobaki sitaki kuwazoea.

Kinachonikera ni kuona hospitali inanunua mapazia na viti vya ofisi halafu shuka la kupimia damu linaitwa la mradi, mradi ukiisha na shuka limeisha. Hapana. Lile ni sawa na glavu, liingie kwenye oda ya kila mwezi. Na friji ya oksitosini iwe na umeme wa uhakika, kwa sababu ile dawa inataka nyuzi 2 mpaka 8, ikikaa kwenye joto inapungua nguvu na wewe unachoma ukidhani umetibu. Ipo karbetosini, dawa nyingine ya kukaza kizazi, isiyohitaji friji, ilipimwa kwa wanawake karibu 30,000 wakiwemo wa Kenya na Uganda, majibu yakatoka 2018, ila hiyo ni ya kuzuia, sio ya kutibu aliyeanza kumwaga damu.

Sasa nyie wenye wagonjwa. Kliniki za mwisho mwisho ulizeni, hapa mnapima damu anayotoka mama au mnakadiria? Ulizeni kwa heshima tu, hakuna nesi atakayechukia swali hilo, na swali likiulizwa na wengi mganga mfawidhi atalisikia. Dada ukishajifungua, kama unahisi kitu cha moto kinatiririka, sema pale pale, usione aibu ya kuchafua kitanda, sema sista naomba uniangalie damu. Baba, nenda kachangie damu kabla ya tarehe, usisubiri kuitwa usiku. Na mkisharudi nyumbani, pedi au khanga ikijaa ndani ya saa moja, au mabonge yanatoka, au mama anaona kizunguzungu akisimama, msimpe uji kwanza wala msisubiri asubuhi, tafuteni bajaji, gari, chochote, mrudi hospitali usiku huo huo, na mkifika mlangoni semeni kabisa kwamba amejifungua juzi na anatoka damu ili apelekwe moja kwa moja bila kupanga foleni ya OPD.