Nilivyolimudu neno "board" la Kiingereza

Maneno marefu ya Kiingereza hayanipi taabu sana. Ukilitafuta kwenye kamusi, mara nyingi neno refu linakupa maana moja au mbili, unaendelea na kazi. Yanayomkwamisha mfasiri ni yale mafupi yaliyozagaa kila mahali, na kwangu mimi lililoongoza lilikuwa "board". Nililikuta kwenye kumbukumbu za vikao, ni bodi ya wakurugenzi. Nikalikuta kwenye barua ya chuo, ni chakula cha mwanafunzi. Kwenye tiketi likawa habari ya kupanda ndege, na kwenye mwongozo wa kompyuta likawa kile kibamba chembamba kinachobeba saketi.

Kukariri orodha ya kamusi hakukunisogeza mbali, kwa sababu orodha haisemi ni kwa nini maana zote hizo zimekusanyika kwenye neno moja. Nikaanzia upande mwingine. Nikatafuta kitu chenyewe, kinachoshikika, ambacho neno lilikitaja hapo mwanzo. Katika Kiingereza cha kale "bord" ni ubao. Ni meza pia, na vilevile ni ubavu wa merikebu. Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Sisi Waswahili hatuna sababu ya kushangaa, maana "bao" letu nalo limetembea vivyo hivyo: ni ubao wa kuchezea kete, ni mchezo wenyewe, ni goli linalofungwa uwanjani, na mpiga ramli naye hupiga bao. Hakuna aliyetukalisha chini akatufundisha maana hizo kwa orodha. Tunazitambua kwa maneno yanayoandamana nalo: kucheza bao, kufunga bao, kupiga bao. Nikaamua kulisoma "board" kwa njia hiyohiyo, kwanza kitu, kisha maneno ya jirani.

Meza peke yake ilinitatulia sehemu kubwa. Watu huketi kuizunguka na kuamua mambo, ndiyo bodi. Watu hula juu yake, ndiyo sababu "room and board" ni malazi na chakula. Hotelini "full board" ni chumba pamoja na milo yote mitatu, na "half board" kwa kawaida ni kifungua kinywa na mlo wa jioni. Kilichonivutia zaidi ni "boarding school". Kiswahili kimeitazama shule hiyo kwa upande wa kulala, kikaiita shule ya bweni. Kiingereza kimeitazama kwa upande wa kula. Tangu nilipoliona hilo, mtu anayeitwa "boarder" hanipi shida tena: ni anayelala na kulishwa hapo, awe mwanafunzi au mpangaji. Hata "above board", yaani jambo la wazi lisilo na hila, linatoka mezani, kwa wacheza karata waliotakiwa kuweka mikono juu ya meza ili kila mtu aione.

Merikebu nayo ina ukoo wake. "On board" ni ndani ya chombo, "overboard" ni kuanguka majini. "Starboard" ni upande wa kulia wa chombo ukiwa umeelekea mbele, kwa kuwa zamani kasia la usukani lilifungwa upande huo. Upande wa kushoto uliitwa "larboard", lakini majina hayo mawili yalifanana mno masikioni, jambo la hatari wakati nahodha anapopiga kelele katikati ya dhoruba. Mwaka 1844 Jeshi la Wanamaji la Uingereza likaamuru "port" litumike badala yake. Napenda sana habari hii, ingawa sijawahi kuihitaji katika kutafsiri.

Sehemu iliyodai uvumilivu ni ile ya maneno madogo yanayolizunguka. Chukua "She is on the board" na "She is on board". Tofauti ni "the" tu. Sentensi ya kwanza inasema yeye ni mjumbe wa bodi; ya pili inasema yumo chomboni, au amekubaliana na jambo. Na ukisikia "It's on the board" darasani, kitu hicho kimeandikwa ubaoni. "Across the board" ni kwa wote bila ubaguzi, kwa hiyo nyongeza ya mshahara ya namna hiyo haibakizi mtu. Kwenye maana ya chakula neno hili halihesabiki: halichukui "a" wala halina wingi, na ukiona nomino "boards" ujue hapo halizungumzii mlo. Waingereza pia husema "the board have decided" kana kwamba ni watu wengi, ilhali Wamarekani huandika "has". Kiswahili hakijali, bodi imeamua tu. Ila "they" ikifuata baadaye, ninaandika "wajumbe" ili msomaji asipoteze uzi.

Nilikuwa na daftari ambamo kila sentensi niliyokutana nayo iliingia nzima, kamwe si neno tupu, ikiwa na tafsiri yangu pembeni. Kurasa za mbao na meza zilitulia mapema. Ukurasa wa "on board" ndio unaoendelea kujaa, kwa sababu maofisini wanautumia msemo huo kwa mambo mapya. Meneja akiandika kwamba anataka kila mtu awe "on board", naandika "aunge mkono mpango". Na "onboarding", ambako hakuna tena chombo wala safari, naandika kumpokea na kumwelekeza mfanyakazi mpya. Ni maneno matano kwa moja, lakini anayesoma anaelewa mara moja kinachofanyika.