Mtaro ni Wetu

Baba hakuwa mtu wa mawaidha. Wazee wa majirani zetu pale Makongeni, Nairobi, walikuwa na jioni zao za kukalisha watoto chini na kuwasomea makosa yao. Yeye alitoka zamu karakana ya reli, akanawa, akala, akalala. Januari hadi Novemba nilimjua kwa viatu vyake mlangoni na kwa harufu ya grisi kwenye ovaroli. Baba niliyemjua sawasawa ni yule wa Desemba, na ndiye aliyenikaa moyoni wiki hii, maana shule zimefunga na wanangu wameanza kuuliza tunakwenda nyumbani lini.

Nyumbani ni Wundanyi, Taita. Tulisafiri kwa pasi ya wafanyakazi wa reli, daraja la tatu, kwa ile treni ya Mombasa iliyotoka Nairobi jioni. Voi tulishushwa usiku wa manane, wadogo wamelegea kwa usingizi, tukaketi juu ya mizigo mpaka kupambazuke ndipo tupate matatu ya kupanda milima kupitia Mwatate. Ni safari ya zaidi ya kilomita 300 kabla hata hujaanza kupanda. Tangu 2017 kuna treni ya SGR, inafika Voi kwa saa chache tu, na madirisha yake hayafunguki.

Ya zamani yalifunguka. Ukimaliza hindi ukanyoosha mkono kutupa gunzi nje, Baba aliudaka mkono ule. Alitueleza kwamba njia yote ya reli ina watu wanaoitembea kwa miguu, sehemu kwa sehemu, wakitazama nati zilizolegea na mataruma yaliyochakaa. "Kuna mtu huko chini," alisema. Basi gunzi likarudi mfukoni hadi Voi. Hata Makongeni, bomba la maji likiwa la laini nzima, hakuturuhusu kuondoka kabla hatujasafisha pale tulipooshea vyombo, kwa maneno hayohayo: kuna mtu nyuma yako.

Nilidhani ni tabia tu ya mtu anayependa usafi. Mwaka wa El Niño, 1997, ndipo nilipomwelewa.

Tulifika Wundanyi mvua haijaacha kunyesha. Shamba letu liko kwenye mteremko, na chini yake kuna shamba la mzee mmoja ambaye sisi watoto tulimwogopa kwa ukali wake. Mtaro wetu wa juu ulikuwa umepasuka, udongo umeshuka, na maharagwe ya mzee yalikuwa yamefunikwa kabisa. Nyanya alikuwa ameshatusongea kimanga, na moshi wa jikoni ulitufikia tukiwa bado njiani. Baba hakuingia ndani. Alitua begi kwenye kibaraza, akachukua sukari tuliyotoka nayo Nairobi, akatuambia tumfuate.

"Shikamoo, Mzee. Nimeuona udongo wangu kwako."

Mzee alisema mengi, na kwa sauti. Baba alisimama akiwa amevua kofia, mvua ikimnyeshea, akamwacha amalize. Hakutaja mvua hata mara moja. Tuliporudi kaka yangu alishindwa kuvumilia, akasema mzee ametuonea bure, kwani mvua ni ya Mungu.

"Mvua ni ya Mungu," Baba alijibu. "Mtaro ni wetu."

Desemba ile hatukucheza sana. Tuliondoa udongo kwenye maharagwe ya mzee kwa karai, kisha tukaanza kupima mitaro upya. Baba alikuja na kipimamaji kidogo cha kuning'iniza kwenye kamba. Kaka alishika mti mmoja, mimi nikashika mwingine, kamba ikavutwa kati yetu, na Baba akasimama katikati akikitazama kile kiputo cha hewa. Kikikimbilia upande wangu, mimi ndiye niliye juu. "Shuka. Kidogo. Umepita, rudi." Kilipotulia katikati, mdogo wetu alichomeka kijiti miguuni petu, tukasogea mbele. Baada ya saa kadhaa vijiti vilikuwa vimezunguka kilima kwa mstari uliopinda huku na huku, nami nikaona kwa mara ya kwanza kwamba mahali panapolingana si lazima pawe mstari ulionyooka.

Tukachimba kufuata vijiti vile kwa fanya juu, jinsi inavyofanywa Ukambani na kwetu pia: mtaro unauchimba, udongo wake unautupa upande wa juu, ukawa tuta. Juu ya tuta tulipanda nepia, mizizi ishike udongo na ng'ombe wa Nyanya wapate chakula. Maji yakishuka yanakwama, yanazama taratibu. Kutupa udongo juu kunachosha kuliko kuutupa chini, mabega yanakuambia, lakini ukiutupa chini umeuanzishia safari ya kwenda kwa mwenzako. Baba alichimba tangu asubuhi, na jioni alicheka na Nyanya kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia Nairobi.

Nilimkumbuka sana Aprili 2024, Mto Mathare wa Nairobi ulipofurika, watu wakafa na nyumba zikasombwa. Niliwasikia wengi wakiwalaumu waliokaa kando ya mto, na iliniuma. Maji yale hayakuanzia Mathare. Yalishuka kutoka mitaa ya juu, kwenye nyua zilizofunikwa matofali ya kabro ukuta hadi ukuta, hata kiraka cha udongo cha kuyanywa hakuna. Anayekaa juu ana la kujibu kabla ya anayekaa chini kuulizwa kwa nini yuko pale. Hilo naliamini bila kusita. Majirani zangu hapa South B walipotaka tufunike uwanja wetu wote, niling'ang'ana mpaka tukaacha ukanda wa udongo kandokando ya ukuta. Bado wapo wanaolalamikia matope. Mimi nautazama ukanda ule kila mvua inyeshapo, nami naridhika.

Baba tulimzika Wundanyi mwaka 2019. Wana wa yule mzee wa chini walikuwa wa kwanza kufika na majembe.

Juzi mmoja wao alinitumia picha kwa simu: tuta la tatu limebomoka, na mboga zake zimeanza kufunikwa. Nimemwambia kaka atafute kamba na sururu. Wanangu watashika miti. Yule aliyetuma picha naye nimempigia, nikamwambia tutafika kabla ya Krismasi na asihangaike kuuzoa udongo ule peke yake, kwa kuwa ni wetu.